Kikohozi cha Mwanamke wa Vihengeni

Sogea nikutegee, na safari hii usikimbilie kujibu. Nina mwanamke. Amelala chini ya udongo, na amesimama mbele ya mahindi. Aliyelala ametulia, aliyesimama anahangaika. Wote wawili nimewazaa mimi, na uchungu niliuona mara moja tu. Ni nani huyo?

Hujui. Basi kaa na miji yako, leo sitaki unipe Iringa wala Mbeya. Huyo ni Vestina, mama yako. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, umefungwa kitenge, unaninyonya sikio kwa kukosa kitu kingine cha kunyonya.

Vihenge vya Igowelo, yale maghala marefu ya chuma ya mahindi, umevikuta vya kijivu, vimejipanga kando ya reli vinang'aa kama masufuria. Kabla ya hapo vilikuwa na mtu. Ukitokea barabara ya Njombe ulikuwa unamwona yeye kwanza, mji baadaye.

Aliyemweka mtu huyo ni Lusungu, binti aliyekaa dawati moja na mama yako shule ya msingi. Alikwenda kusoma mbali akarudi na kazi ambayo sisi hatukuwa na jina lake. Alichora kwa mashine, na karatasi zake zilikuwa majengo. Miji mikubwa ilimwita aiwekee miili: kiganja kimoja kilichofunika soko zima, mgongo wa mzee uliojaza ukuta wa bwawa, ukiona mpaka pingili za uti.

"Nimechoka na miili ya watu nisiowajua, mama," aliniambia akiwa jikoni kwangu, kavua viatu, kakaa kwenye kigoda kama zamani. "Nataka mwili wa mtu wa hapa. Nataka Vestina."

Mama yako alicheka mpaka kijiko kikamponyoka. "Utapata mabega tu. Mengine yote yamekwenda na huyu," akakuonyesha wewe.

Alikuwa mpimaji pale vihengeni. Kazi yake ilikuwa kuchoma magunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha na tundu, mahindi yanateremka kiganjani, anayauma, anayanusa, anasema haya makavu, haya yarudi juani. Mashine za kupimia zilikuwapo, lakini wakulima walikuwa hawaziamini mpaka Vestina naye aume.

Lusungu akampa fulana. Nyembamba kama utando wa buibui, rangi ya majivu. Ukiivaa inaamka kwa joto la mwili, inasikiliza pumzi, mapigo ya moyo, damu inavyopanda na kushuka, na yote inayapeleka vihengeni, ambako chuma kilikuwa kimepakwa rangi hai. Rangi hiyo, kila chembe yake ni taa. Mama yako alivaa fulana ile kazini, akinyonyesha, akilala, kutoka mvua za kwanza mpaka mavuno.

"Sasa hiyo ni sinema?" nilimuuliza Lusungu.

"Sinema inaujua mwisho wake, mama. Huyu hajui kesho atafanya nini. Ni kama chachu. Ninachukua kidogo kwa Vestina, ninatia kwenye donge, halafu donge linaumuka lenyewe."

Siku alipomwasha, mji mzima ulisimama relini. Nikamwona mwanangu kutoka nyayo mpaka utosi, vihenge vyote vimemgawana, hiki bega, hiki kifua. Hakuwa uchi wala hakuwa amevaa. Ngozi ilikuwa kama maji ya kijito, unaona mpaka ndani, mbavu zinafunguka na kufunga, mapafu yamejaa kama mawingu ya asubuhi. Alipumua polepole. Lusungu alisema kiumbe cha ukubwa ule lazima apumue kwa mwendo wa ukubwa wake. Ukisonga ugali, pumzi moja yake ilitosha kuuivisha.

"Mama," Vestina aliniambia sikioni, "mbona nimenenepa hivi?"

*

Kifua kilianza kumbana mama yako baridi ilipoanza, kabla hajakohoa. Hospitali walisema ni vumbi la mahindi, wengine wakasema ni damu. Lusungu alipanda basi akaja, akamvua fulana kwa mikono yake mwenyewe.

"Ugonjwa siuchukui," alisema. "Yule pale nje abaki mzima."

Akaikunja, akaitia katika sanduku la bati chini ya koti la kazini la mama yako. Mimi nilimwona akiitia. Baada ya hapo ndipo Vestina akaanza kukohoa, kwa namna yake, viwili vidogo halafu kimoja kinachomkunja. Viwili vidogo, kimoja kinachomkunja. Akafa mchana kweupe, mkono wake uko kwenye mguu wako.

Sisi Wahehe, mtu akifa, watani zetu Wangoni wana haki zao. Na mtani wetu sisi alikuwa Otmari Komba, fundi baiskeli, ambaye hakuna mtu wa Igowelo aliyezikwa bila yeye.

"Mke wangu," alinisalimia mlangoni, mbele ya wakwe zangu wote, "yaani msiba mkubwa hivi, hata ulanzi hakuna?"

"Ulanzi wa nini, Mngoni? Babu zako walivyokimbia hapa waliacha mpaka ngao. Kachukueni ngao zenu kwanza."

"Tuliwaachia mfunikie vyungu. Mkishalewa hamkumbuki vifuniko."

Basi akaingia chumbani kwa marehemu, na hakuna wa kumzuia mtani. Akatoka kajifunga kilemba cha Vestina, koti la kazini la Vestina limefungwa vifungo mpaka kidevuni, bambo mkononi. Akatembea kama yeye, miguu imefunguka kidogo, kidevu juu. Akapita kwenye mkeka akiwachoma wafiwa matumboni kwa lile bambo, ananusa, anatikisa kichwa. "Huyu mbichi. Arudi juani." Akamchoma shemeji yangu Sabasi, mkubwa wa ukoo. "Huyu ameshaingiwa na wadudu."

Watu wakacheka. Halafu akakohoa. Viwili vidogo, kimoja kikamkunja mpaka kilemba kikagusa vumbi. Nyumba nzima ikanyamaza, kisha ikacheka tena, na mimi nikacheka, machozi yakiingia mdomoni. Aliteremka kaburini akakataa kutoka mpaka apewe jogoo, na kule chini akaendelea kukohoa. Alipotoka na jogoo wake tukamzika mwanangu.

Kulikuwa na baridi kali siku zile za matanga. Wanawake waliolala mikekani walijifunika chochote walichokuta, mashuka, mapazia, nguo za sandukuni. Lusungu alipokuja kuchukua fulana yake aliikuta imekunjwa vizuri, juu ya vitu vyote.

*

Nilianza kwenda vihengeni kila asubuhi, na wewe mgongoni. Aliye kaburini nilimlilia, huyu nilimwamkia. "Kamwene, mwanangu." Nilikuwa nabeba jiko langu dogo, nawachemshia maziwa wapakuaji, macho yangu yako kwake. Mapafu yanajaa, yanapungua. Mzima kabisa. Nikajiambia kumbe mtu anaweza kumzika mwanawe na akabaki naye.

Kisha asubuhi moja nikakuta mabega yamepanda. Nikasubiri yashuke, hayakushuka. Maziwa yakachemka yakamwagika, na mabega bado yanapanda. Mdomo ukafunguka, mkubwa kama mlango wa godauni, na ndani ya kifua nikaona mapafu yanajikunja kama nguo inayokamuliwa. Sauti haikuwapo, Lusungu hakuwahi kumpa sauti. Kikapita kidogo kimoja, kikapita cha pili. Cha tatu kilimkunja polepole mpaka jua likawa utosini, paji la uso likashuka karibu na reli.

Wapakuaji waliweka magunia chini. Nilikijua kikohozi kile. Nilikuwa nimekishika kwa mikono yangu.

Lusungu alikuja, akakaa ndani ya kibanda chake cha mitambo kando ya vihenge, hata chai hakunywa. Alipotoka alikuwa amevimba macho.

"Nilimvua kabla hajaanza kukohoa," alisema. "Unakumbuka, mama? Nilimvua."

"Nakumbuka."

"Basi hiki si chake. Kuna mtu aliivaa fulana baada yake. Mtu aliyekuwa anakohoa kikohozi cha Vestina."

"Nani?"

"Sijui. Mle ndani kila kitu kimeshachanganyika. Chumvi ikiyeyuka kwenye mchuzi huwezi kusema imetiwa na mkono wa nani. Mwili umeamini ni mgonjwa. Ukishaamini, unajitengenezea ugonjwa wenyewe. Tazama."

Nikatazama. Chini ya pafu la kushoto palikuwa na giza dogo, kama masizi.

"Mtoe hicho kitu. Wewe ndiye uliyemtengeneza."

"Nikikata bila kujua pa kukata, nitatoa na Vestina." Alipangusa pua kwa kiganja. "Ninamhitaji mtu huyo. Aivae tena fulana, apumue pumzi zake mwenyewe, za kawaida. Mitambo ikishajua pumzi yake ikoje, itauchomoa uzi wake kwenye huu mwili mpaka mwisho. Lakini awahi. Giza likishika mapafu yote mawili, hata yeye hatafaa kitu."

"Na asipopatikana?"

"Atakufa. Ila kwa mwendo wake ule, mama. Kufa kule kwa Vestina kwa majuma machache, kwake itakuwa miaka. Labda huyu mtoto ataanza shule bado anakufa."

Ulikuwa umelala. Nikakupandisha mgongoni bila sababu.

"Anasikia maumivu?"

"Nimemtengeneza na kila kinachosikia maumivu," alisema. "Kama kuna mtu mle ndani wa kuyasikia, hilo sijui. Nimewasha miili mingi na sijawahi kujiuliza, kwa sababu yote ilikuwa mizima."

Akaniambia jambo la mwisho. Mama yako, kabla ya kuvaa fulana, aliulizwa nani awe na neno juu ya ule mwili mkubwa kama yeye mwenyewe hayupo. Akasema mama. Kwa hiyo wa kusema uzimwe nilikuwa mimi. Na ukizimwa, basi. Ile chachu ya kwanza ilikuwa imeshaliwa na donge, hapakuwa na nyingine ya kuanzia.

*

Mji ulibadilika. Wakulima waliacha kuleta mahindi, wakisema hawawezi kumwaga nafaka ndani ya kifua cha mgonjwa. Watoto wa shule walikuwa wanapita upande wa pili wa reli. Na nyumbani kwetu matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Wakati wake ulikuwa umepita, lakini Sabasi alikataa.

"Shemeji, nitawaambiaje watu msiba umekwisha," alisema, "na wote wakigeuza shingo wanamwona marehemu anagombania roho?"

Tukabaki hivyo, hatuli vya furaha, hatuoi, hatuozi. Nywele zangu hazikunyolewa. Giza likapanda pafu la kushoto lote, likaanza kuvuka kwenda la kulia.

Nikaita watu wote waliokuwa msibani. Walijaa uani, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye magogo. Otmari Komba alikuwa karibu na mlango, kikombe cha ulanzi magotini.

"Ninyi mnanijua," nikasema. "Napenda vitendawili tangu nikiwa msichana. Leo nina kimoja, na anayelijua jibu lake simdai mji, nitamshukuru mpaka nife. Lusungu amewaeleza kuhusu fulana. Mwanangu yule mkubwa alikuwa mzima. Ni nani aliyemfundisha kukohoa?"

Nikasogea katikati yao.

"Hakuna atakayesemwa. Mtu alisikia baridi, akatia mkono sandukuni, akavaa. Alikuwa na mafua. Si kosa. Aseme tu, aende na Lusungu leo hii, mwanangu apone."

Wanawake waliangaliana. Mmoja akasema yeye alichukua pazia. Mwingine akasema alichukua sweta, akaapa kwa mtoto wake kwamba lilikuwa sweta. Niliwazungukia kwa macho mmoja mmoja, na nilipofika mlangoni Komba alikuwa anachungulia kikombe chake kana kwamba kuna nzi ndani.

"Na wewe, Mngoni?" nikamwambia. "Leo umemeza ulimi?"

Watu wakageuka, wakitaka kucheka. Aliinua uso. Midomo ilitembea kidogo.

"Mke wangu," alisema, "ulanzi wenu mwaka huu una maji."

Wakacheka, kwa uchovu tu. Akainuka akasema baiskeli ya mtu inamsubiri.

Nikangoja. Kila asubuhi nikamwamkia mwanangu na kumwambia ngoja kidogo, atakuja. Hakuja mtu. Siku Lusungu aliponionyesha kwamba pafu la kulia nalo limeshikwa lote, mwanangu alikuwa amekunjwa na kile kikohozi cha tatu, na macho yake, kila jicho kubwa kuliko nyumba yetu, yalikuwa yanatazama chini, pale tulipo. Yalikuwa yanatutazama au yalikuwa yanashuka tu na kichwa, mimi sikuweza kujua. Nakuapia sikuweza.

"Mngoje anyooke," nilimwambia Lusungu. "Asiondoke kainama."

Tukangoja mchana kutwa. Jua lilipolegea mgongo ukawa umenyooka, mabega yakashuka, kifua kikaanza kuvuta pumzi.

"Zima."

"Mama, una hakika?"

"Usiniulize mara ya pili, mwanangu. Sitaweza kulisema tena."

Lusungu alilia akiwa amesimama, mkono ndani ya mitambo. Zilianza nyayo, chembe moja moja, kama mwangaza wa makaa ukimwagiwa maji. Magoti. Tumbo lililokuzaa wewe. Pumzi ile alikuwa hajaimaliza kuivuta kifua kilipozimika. Uso ukabaki peke yake juu ya vihenge vitupu, halafu hata uso ukawa chuma.

*

Siku ya kuanua matanga nilinyolewa asubuhi. Tukapika, tukafagia mpaka barabarani. Lusungu alikuja na mfuko mdogo, fulana imo ndani, akisema anataka kuizika nyuma ya nyumba nikimruhusu. Nikamruhusu.

Mtani ndiye anayefunga msiba. Anavaa tena nguo za marehemu, anamwigiza mara ya mwisho, watu wanacheka, kisha jina linaachwa lipumzike. Sabasi akaleta koti la kazini, kilemba na bambo, akamwekea Komba mbele yake.

"Haya, Mngoni. Utufukuzie huu msiba."

Komba alilivaa koti, hakulifunga vifungo. Akajifunga kilemba. Akashika bambo, akatembea kidogo mbele ya mkeka, miguu imefunguka, kidevu juu, na kweli alikuwa Vestina, mpaka wewe ukanyoosha mikono kumtaka. Watu wakaanza kutabasamu. Wakawa wanangoja kikohozi.

Akavuta pumzi. Kifua kikajaa. Akasimama hivyo hivyo, kifua kimejaa, hatoi.

"Kohoa basi," mtu akasema nyuma.

Bambo likamponyoka. Akavua kilemba, akavua koti, akalikunja kwa uangalifu kama nguo ya kanisani, akaliweka miguuni pangu. Akapiga magoti kando yake. Nilimwona amezeeka.

"Mngoni," nikamwambia, "unataka jogoo mwingine?"

Akatikisa kichwa. Miaka yote ile, tangu niolewe Igowelo, mtu huyu alikuwa hajawahi kuniita jina lingine ila mke wangu.

"Mama Vestina," alisema. "Mtani wa kweli havai koti peke yake. Anavaa vyote, mpaka cha ndani. Baba yangu alinifundisha hivyo. Ile siku ya kaburi, chini ya koti nilikuwa nayo ile fulana. Nilidhani ni ya baridi."

Lusungu, aliyekuwa kasimama na mfuko wake, akakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Siku ulipotuuliza nilikuwa nimeshajua. Nikaona watasema Komba ameua kwa utani, na sitaitwa tena kwenye msiba wa mtu. Nikasema moyoni, labda atapona mwenyewe."

Alinitazama.

"Uliuliza nani alimfundisha kukohoa. Ni mimi."